Kubadili Mbao za Nje za Nyumba ya Zamani

Mang'ola ni nchi ya jua kali na mvua haba, na mtu angedhani ya kuwa mbao za nyumba huko hazina adui. Lakini mfereji unaonywesha vitunguu ukipita karibu na ukuta, udongo hukaa na unyevu mwaka mzima, na mchwa huufuata. Basi mwenye nyumba huona mbao za chini zimeliwa, akapigilia mpya juu ya zile za zamani. Hii ni hasara tupu: mchwa husalia ndani, hula nguzo zibebazo paa, na magunia yanayongoja bei njema huwa chini ya paa hilo.

Kazi hii ifanywe kiangazi, upande mmoja kwa wakati. Kwanza uhamishe mfereji. Kisha ung'oe mbao ukianzia juu, na kila nguzo uichome kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, nguzo imeoza, nayo ibadilishwe kabla ya ubao wowote kurudishwa. Vijia vya udongo vikionekana juu ya msingi, uvibomoe.

Jihadhari na rangi ya zamani. Mara nyingi ina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa watoto. Usiikwangue ikiwa kavu, bali uilowanishe. Wala mbao zake zisipelekwe jikoni kuwa kuni, hata kama kuni ni adimu.

Mninga na mtarakwa hustahimili mchwa. Paini isiyotiwa dawa ni nafuu siku ya kununua tu. Mbao mbichi zianikwe kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti, hata zikauke.

Ubao wa kwanza uwe inchi 8 au zaidi juu ya ardhi, nao uwekewe ufito nyuma ya ukingo wake wa chini ili uiname nje na kumwaga maji. Kila ubao ufuatao ulalie ule wa chini yake kwa inchi 1. Msumari upite juu kidogo ya ukingo wa ubao uliofunikwa, usiutoboe. Maana jua hukausha mbao zikasinyaa, na ubao uliofungwa kwa misumari juu na chini hupasuka. Mafundi wengi hukosea hapa. Ncha zilizokatwa zipakwe rangi kabla ya kupigiliwa, kwa kuwa ndizo zinywazo maji zaidi.

Ndani, magunia ya vitunguu yasiegemezwe ukutani. Yaacheni mbali kiasi cha mtu kupita na taa, akague.