Moyo Unapopoteza Mwendo: Tiba ya Mzingile

Wapo katika jamaa zetu wazee, na hata watu wa makamo, ambao ukiwashika kifundo cha mkono utayahisi mapigo yakienda ovyo: mawili ya haraka, moja la kuchelewa, kisha matatu kwa pupa. Wengine moyo huwapapatika na pumzi ikawakata wapandapo ngazi. Wengine hawahisi lolote. Madaktari huyaita maradhi haya atrio fibrilesheni. Hatari yake kubwa ni kiharusi, ndiyo maana yafaa tuyajue mapema.

Moyo una vyumba vinne. Umeme mdogo unaouendesha huanzia chumba cha juu cha kulia, ukashuka kwa utaratibu hadi vyumba vya chini. Kwa mgonjwa huyu umeme huzunguka ovyo katika vyumba vya juu, zaidi ya mara 300 kwa dakika, navyo hutetemeka badala ya kusukuma. Damu hutuama, hasa katika kijifuko kilicho ubavuni mwa chumba cha juu cha kushoto, ikaganda. Bonge likichomoka na kupanda ubongoni, mtu hupooza.

Mwezi Septemba 1987, mjini St. Louis, Marekani, daktari mpasuaji James Cox alifanya operesheni ya namna mpya. Alivikata vyumba vya juu kwa mistari aliyoipanga, kisha akaishona. Kovu halipitishi umeme. Hivyo umeme ukakuta kuta kila upande, ukabakiwa na njia moja ya kupita. Kwa ajili hiyo operesheni ikaitwa Maze, yaani mzingile. Siku hizi mikato mingi imeachiwa vyombo vya kuunguza au kugandisha, na kazi imekuwa nyepesi zaidi.

Si kila mgonjwa afanyiwaye hivi. Asiye na kasoro nyingine ya moyo kwa kawaida hupewa dawa, au hupitishiwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Mzingile humfaa zaidi ambaye moyo wake utapasuliwa kwa jambo jingine, kama kutengeneza vali. Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Wako waliokulia Afrika Mashariki ambao homa ya rumatiki ya utotoni, itokanayo na maumivu ya koo yasiyotibiwa, iliwaharibu vali. Na vali iliyobana huleta mapigo haya.

Basi mzee wako mwenye maradhi haya akipangiwa upasuaji wa vali, muulize daktari mambo mawili: Je, mtamfanyia na mzingile? Na kile kijifuko mtakifunga? Utafiti uliotangazwa 2021, wa wagonjwa zaidi ya 4,700, ulionyesha kuwa kati ya waliofungwa kijifuko, 4.8 kwa mia walipata kiharusi au bonge kwingineko mwilini. Wasiofungwa walikuwa 7.0 kwa mia.

Baada ya mzingile, mapigo ya ovyo huweza kurudi katika miezi 3 ya mwanzo, makovu yakiwa yanakomaa. Hiyo si dalili kwamba kazi imeharibika. Wengine huhitaji betri ya moyo. Na dawa ya kuzuia damu kuganda isiachwe kwa kuwa mtu ajihisi mzima: wengi wa waliofungwa kijifuko katika utafiti ule waliendelea kuimeza. Mwenye kuiacha na aiache kwa amri ya daktari, na msafiri aendaye nyumbani achukue ya kutosha siku zote za safari, na akiba juu yake.