Upepo wa usiku, jua la mchana: Stima ya taifa hupikwaje?

SAA moja unusu jioni ni saa ya pilkapilka katika nyumba nyingi za mjini. Mama anapiga pasi sare za shule, baba anasubiri taarifa ya habari, kitinda mimba anataka vibonzo, na kifungua mimba amejifungia na vitabu akijiandaa kwa mtihani. Jirani naye anachemsha maji ya kuoga. Nyumba ya pili ni vivyo hivyo, na ya tatu, kutoka Mombasa hadi Kisumu. Kwa muda wa saa mbili hivi, Wakenya huvuta stima kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Mnamo 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300.

Mwendo wa saa nane za usiku mambo hugeuka. Taa zimezimwa, viwanda vingi vimefungwa, na mahitaji hushuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni. Kati ya kilele hicho na bonde hilo ndipo ilipo kazi ngumu zaidi ya wahandisi wa stima, na kazi hiyo imezidi kuwa ngumu tangu upepo na jua vilipoingia katika gridi ya taifa.

Tulikotoka

Miaka mingi Kenya ilitegemea maji. Mto Tana ulifungiwa mabwawa matano yanayofuatana kama vidato vya ngazi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo la kwanza, lilianza kazi mnamo 1968. Mvua ikinyesha, stima ilikuwapo. Mvua ikikosa, kila mtu alijua.

Wazazi wengi wa leo wanakumbuka ukame wa 1999 na 2000. Maji yalipungua mabwawani, na stima ikagawanywa kwa zamu kama maji ya mfereji. Watoto walisoma kwa koroboi, vinyozi wakafunga vibanda, wauza samaki wakamwaga mali iliyooza. Ikabidi jenereta za dizeli zikodishwe, na gharama ya mafuta hayo ikaishia kwa mteja. Hadi leo, ukichunguza bili au mchanganuo wa tokeni, utaona kifungu cha gharama ya mafuta. Kila mtambo wa mafuta unapowashwa kwa wingi, kifungu hicho hunenepa.

Taifa likageukia kwingine. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke ulikuwa ukitoka ardhini tangu jadi. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi huko mnamo 1981. Leo mvuke huo ndio mhimili wa gridi, ukitoa zaidi ya thuluthi moja ya stima ya nchi. Ukijumlisha mvuke, maji, upepo na jua, karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme unaozalishwa nchini hazitokani na mafuta. Nchi nyingi tajiri hazijafika hapo.

Lakini kuwa na kawi safi ni jambo moja, kuifikisha jikoni kwako bila kukatika ni jambo jingine.

Baiskeli na gunia

Stima ina tabia moja ya ajabu: haiwekwi ghalani. Mahindi huvunwa Agosti yakaliwa Machi, lakini umeme uliowasha taa yako umezalishwa sasa hivi. Watu wakiwasha pasi 1,000 kwa pamoja, lazima mahali fulani mtambo uongeze nguvu papo hapo.

Mwanafunzi anaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa mwendesha baiskeli aliyebeba gunia la mahindi. Ameambiwa aende kwa kasi ile ile, asiongeze wala asipunguze. Akifika mlimani, sharti akanyage kwa nguvu zaidi. Akiteremka, sharti alegeze. Kasi ya gridi yetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Mzigo ukizidi nguvu, kasi hupungua. Nguvu zikizidi mzigo, kasi hupanda. Ikienda kombo kupita kiasi, mitambo hujizima yenyewe ili isiharibike, na mitaa mizima hukatwa ili gridi ipumue.

Mabwawa ni wapanda baiskeli hodari: lango la maji hufunguliwa au kufungwa kwa dakika chache. Mvuke wa Olkaria ni kama ng'ombe wa plau, hupenda mwendo mmoja mchana na usiku. Jua na upepo havikanyagi kwa amri ya mtu. Wingu likipita juu ya Garissa, paneli hulegea. Upepo ukitulia, mapanga hutulia.

Kuna jambo jingine. Magurudumu mazito ya mitambo ya maji na mvuke yakishashika kasi hayasimami ghafla, kama vile baiskeli iliyobeba mzigo inavyoendelea kusonga hata ukiacha kukanyaga. Uzito huo huipa gridi muda wa sekunde chache kujirekebisha panapotokea hitilafu. Paneli za jua hazina gurudumu, nayo mitambo mingi ya upepo huunganishwa kwa vifaa vya elektroniki visivyotoa msaada huo vyenyewe. Ndiyo maana kuongeza jua na upepo bila kuimarisha gridi ni sawa na kuongeza abiria bila kukagua breki.

Upepo wa Loiyangalani

Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, upepo huvuma kwa nguvu karibu mwaka mzima ukipenya kati ya milima. Hapo ndipo lilipojengwa shamba la mitambo 365 ya upepo. Kila mmoja una uwezo wa kilowati 850. Mwanafunzi akizidisha atapata takriban megawati 310.

Mitambo ilikuwa tayari mnamo 2017, lakini haikuwa na njia ya kusafirishia stima. Laini ya zaidi ya kilomita 420 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikwama, kwa sababu ya mizozo ya ardhi na kwa kuwa kampuni ya Uhispania iliyopewa kandarasi, Isolux, ilifilisika. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mapanga yalikaa bila kazi, na kwa kuwa mkataba ulitaka mwekezaji alipwe hata stima isipochukuliwa, taifa likatozwa mabilioni ya shilingi. Laini ilikamilika 2018, na kituo kikazinduliwa rasmi Julai 2019. Ni kama kununua ng'ombe wa maziwa na kusahau ndoo.

Si hayo tu. Laini ya kilovolti 400 haiwezi kugawia manyatta stima moja kwa moja. Huhitaji vituo vya kupunguza nguvu vinavyogharimu pesa nyingi. Mfugaji anaweza kuchunga mbuzi chini ya nyaya zinazomulika Nairobi ilhali nyumbani kwake ni giza. Tena penye ardhi pana kesi. Mradi mwingine wa upepo huko Kinangop uliachwa kabisa mnamo 2016 baada ya wenyeji kuupinga. Wapangaji wa gridi wamejifunza kwamba kuzungumza na wenyeji ni sehemu ya uhandisi.

Usiku wa giza

Ijumaa, Agosti 25, 2023, kabla ya saa nne za usiku, karibu nchi nzima iliingia gizani. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Sehemu nyingine zilikaa bila stima hadi siku ya pili. Wasimamizi wa gridi walisema chanzo kilikuwa kupotea kwa ghafla kwa stima ya kituo cha Turkana. Kituo nacho kilijibu kwamba kilijizima kwa sababu nguvu katika gridi zilikuwa zimepanda kupita kiasi. Yaani kila upande ulisema kosa lilianzia kwa mwenzake.

Yeyote aliyekuwa na haki, fundisho ni lile lile. Kituo kimoja kikibeba zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya mzigo wa taifa, kuanguka kwake hutikisa wote. Wala si upepo pekee. Mnamo Juni 2016, tumbili aliparamia paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma, na megawati zaidi ya 180 za maji zikapotea. Nchi nzima ikawa gizani. Tumbili alinusurika. Mnamo Januari 2022 ilikuwa zamu ya milingoti ya laini ya Kiambere kuanguka. Ni bayana basi kwamba ugonjwa si upepo. Ugonjwa ni gridi yenye njia chache: moja ikifungwa, hakuna ya kupitia.

Mvuke unaopotea

Upepo wa Turkana huvuma zaidi usiku, wakati wananchi wamelala. Mvuke wa Olkaria nao haulali. Vyote viwili vikikutana na mahitaji madogo ya saa nane usiku, stima huzidi. Mvuke huachiliwa angani, au mapanga ya upepo huambiwa yapunguze. Jioni inayofuata, kilele kinapofika, jua limeshazama tangu mwendo wa saa kumi na mbili unusu, na mitambo ya mafuta huwashwa. Usiku tunamwaga, jioni tunakopa!

Dawa zipo, na nyingine zimeanza kutumika. Ya kwanza ni kutumia maji kama benki: jua la Garissa linapowaka mchana, maji hubaki Masinga yakingojea jioni. Ya pili ni betri kubwa za kuhifadhi stima ya usiku na kuirudisha wakati wa kilele. Ya tatu ni ujirani mwema. Tangu Novemba 2022 Kenya hununua stima ya maji kutoka Ethiopia kupitia laini ya zaidi ya kilomita 1,000 inayofika Suswa, na laini kutoka Isinya hadi Singida nchini Tanzania iliwashwa mwishoni mwa 2024. Mmoja akikosa, jirani humwazima.

Dawa ya nne ni kuhamisha mzigo. Viwanda vinavyofanya kazi usiku hupewa bei nafuu. Mnamo 2023 ikawekwa bei maalumu ya kuchaji magari na pikipiki za stima, na usiku bei hiyo ni nusu. Pikipiki ya bodaboda inayochajiwa saa nane za usiku inakunywa upepo ambao ungepotea.

Na wewe je?

Familia moja haiwezi kujenga laini ya stima. Hata hivyo, kilele cha jioni si cha kiwanda kimoja. Ni pasi, hita na majiko yetu yakikutana saa moja. Pasi ya sare inaweza kupigwa asubuhi ya Jumapili. Maji ya kuoga yanaweza kupashwa mapema, au kwa jua kwa wenye paa lao. Kila kilowati inayoondolewa jioni ni mafuta yasiyochomwa.

Kwa vijana walio shuleni, hapa pana kazi ya maisha. Taifa litahitaji watu wa kutabiri upepo na mawingu, wa kutunza betri, wa kuandika programu za kuongozea gridi, na wa kukaa barazani na wazee kuzungumzia ardhi. Fizikia inayoonekana kavu ubaoni ndiyo itakayoamua kama mvuke wa Olkaria utaendelea kwenda angani, au utafika kwa yule mfugaji anayeishi chini ya nyaya.