Libao la sakafu limeoza, na saizi yake haiko sokoni

Kule Goma, kisha volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, familia nyingi zilijenga nyumba za mbao juu ya mawe ya lava. Mara nyingi sakafu nayo ni mbao. Libao moja likioza, sokoni unakuta nyembamba tu. Ukipigilia hivyo hivyo, mwenye kubeba gunia la mahindi atajikwaa na kuvunjika mguu.

Mbele ya kununua, tafuteni sababu. Bati linavuja? Iko mchwa? Hewa haipiti chini? Bila kutengeneza hayo, libao jipya nalo litaoza.

Kisha pimeni unene, upana na urefu kwenye libao zima, si kwenye lile lililoharibika. Kateni la zamani katikati ya mti unaobeba sakafu, ili la jipya lipate pa kulala.

- Jipya ni jembamba? Wekeni kipande cha mbao juu ya ule mti, mpaka sakafu iwe sawa.
- Ni nene? Pigeni randa upande wa chini, pale tu linapokalia mti.
- Upana haupatikani? Tieni mbao mbili, moja mupasue kwa kipimo.

Mukiagiza kwa wapasuaji, ongezeni kidogo unene na upana, juu mbao mbichi hupungua zikikauka. Muzipange kivulini na vijiti kati yake. Mikaratusi mbichi inajipinda.

Na pale munapoweka chakula, musipake mafuta machafu ya motere hata kidogo: ni sumu, yanaingia mu mahindi.