Baiskeli mpya: Kikosi kilichotangazwa siyo kilichoingia uwanjani

DAR ES SALAAM. KUNA ujumbe wa WhatsApp ambao hadi leo sijaufuta kwenye simu yangu. Una picha ya baiskeli nyeusi yenye michirizi ya kijani, na chini yake maneno haya: "Mpya ndani ya boksi. Fremu ya aluminiamu. Gia 21 Shimano. Breki za diski mbele na nyuma. Sh350,000, tunakuletea ulipo."

Niliusoma kama shabiki anavyosoma kikosi saa moja kabla ya mechi. Mastaa wote wamo. Unaanza kushangilia kabla filimbi haijapulizwa.

Kazi yangu ni viwanja. Leo niko Bandari kule Temeke, kesho Kinesi, keshokutwa Azam Complex kule Chamazi. Nakaa Mbagala, na anayejua kugombania daladala za jioni pale Rangi Tatu hawezi kuuliza kwa nini kijana anatafuta baiskeli. Nikajichanga miezi minne, nikatuma hela.

Mzigo ukaja na bodaboda, umezungushiwa maboksi, unang'aa. Diski ya mbele niliiona. Ya nyuma sikuiona. Kulikuwa na breki za kawaida, zile za raba mbili zinazobana rimu. Nikampigia muuzaji.

"Bosi, hilo ni toleo jipya. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, usiwe na wasiwasi."

Nikakubali. Hilo lilikuwa bao la kwanza, na nilijifunga mwenyewe.

MVUA, BAJAJI NA MTARO

Wiki ya tatu, dogo mmoja wa mtaani kwetu akaja kuiazima. Ni winga wa kushoto, ana miaka 17, na mabeki wa pili wa mchangani huku Mbagala wanamjua vizuri. Kesho yake alikuwa na majaribio ya timu ya vijana, akataka kuwahi mazoezi ya mwisho.

"Kaka, naomba baiskeli, jioni nakurudishia."

Nikampa. Mvua ikanyesha. Kwenye mteremko, bajaji ikakata mbele yake ghafla. Akabana breki zote mbili. Waya wa breki ya mbele ukachomoka pale unapobanwa na nati. Raba za nyuma zikateleza kwenye rimu iliyolowa. Dogo akaona bora aingie mtaroni kuliko kuivaa bajaji.

Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu. Lakini kifundo cha mguu wa kushoto, ule mguu wake wa kazi, kilivimba hadi kiatu hakiingii. Majaribio yakafanyika bila yeye.

Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii baiskeli si ulisema ni mpya?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa fundi.

SUMAKU YA SPIKA

Fundi ni mzee wa makamo, kijiwe chake kiko chini ya mti, ana spana zake na beseni la maji la kutafutia pancha. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, halafu akaniomba nimsomee tangazo lote kwa sauti. Nikalisoma mstari kwa mstari, naye akawa anakagua mstari kwa mstari.

Nilipotaja fremu ya aluminiamu, akatoa kipande cha sumaku ya spika ya redio mbovu, akakigusisha kwenye fremu. Kikanata. Sumaku hainati kwenye aluminiamu. Fremu yangu ilikuwa chuma kilichopakwa rangi vizuri. Chuma chenyewe siyo dhambi, maana Phoenix na baiskeli nyingine za zamani zimebeba mizigo nchi nzima kwa fremu za chuma. Tatizo ni kwamba mimi nililipia kitu kingine.

Akahamia kwenye rimu. Nayo sumaku ikanata. Hapa ndipo mguu wa dogo ulipopotelea. Rimu ya chuma inayong'aa ikilowa maji, raba za breki zinakosa pa kushika, na baiskeli inahitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko ingekuwa na rimu ya aluminiamu. Kiangazi huwezi kugundua. Unasubiri masika ikufundishe.

Nilipotaja Shimano, akainama nyuma kwenye kile kidude kinachohamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine. Jina lipo, na namba ya modeli imegongwa kwenye chuma, inaanza na RD-TY. Hiyo ni Shimano kweli. Tukatafuta jina hilo kwenye vishikio vya breki, mikono ya pedali, cheni, na breki zenyewe. Hakuna hata moja. Mchezaji mmoja tu ndiye staa, wengine kumi hawana hata majina mgongoni.

JINA MOJA LINAUZA TIMU NZIMA

Huo ndio mchezo wenyewe. Shimano ni kampuni ya Japani, ilianzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai, na umaarufu wake uko kwenye vipuri vya baiskeli. Vipuri vyake vina madaraja kama ligi. Kwa baiskeli za milimani, Tourney iko daraja la chini, juu yake kuna Altus, Acera, Alivio, Deore, mpaka XTR kule kileleni. Kwa hiyo neno "Shimano" peke yake ni sawa na kuambiwa mchezaji "ametokea Brazil". Ametokea Brazil, sawa, lakini alikuwa anacheza daraja gani?

Na hiyo "gia 21" ni hesabu tu: gia tatu za mbele mara saba za nyuma. Haisemi chochote kuhusu ubora, kama vile kuwa na wachezaji wengi benchi hakusemi kama wanajua mpira.

Wapenzi wa soka tunaijua hadithi hii. Novemba 1996, kocha wa Southampton, Graeme Souness, alimwingiza uwanjani Ali Dia dhidi ya Leeds, baada ya klabu kupigiwa simu na mtu aliyejifanya ni George Weah na kumsifia mchezaji huyo kuwa ni binamu yake. Dia aliingia dakika ya 32 kuchukua nafasi ya Matt Le Tissier aliyeumia. Kabla mechi haijaisha, naye akatolewa. Jina la Weah lilifanya kazi yote, miguu ikashindwa.

Souness angalau aliweza kufanya mabadiliko. Breki ikishindwa mteremkoni, hakuna benchi.

SIYO KILA MABADILIKO NI WIZI

Tuwe wakweli. Hata kampuni kubwa duniani huandika kwenye katalogi zao kwamba vipuri vinaweza kubadilika bila taarifa. Kipindi cha korona, 2020 na 2021, watu Ulaya na Marekani walikimbilia baiskeli, vipuri vikaadimika, na baadhi ya watengenezaji wakafunga walichokipata badala ya walichokitangaza.

Tofauti iko kwenye mambo mawili. Kwanza, je, kilichowekwa kinalingana na kilichoondolewa? Ukitoa breki ya diski ukaweka breki nyingine ya diski ya kiwango kilekile, hapo umebadilisha winga kwa winga. Ukitoa diski ukaweka raba juu ya rimu ya chuma, umemtoa kipa ukamweka muuza maji. Pili, je, mnunuzi aliambiwa kabla hajatoa hela?

SHERIA IKO UPANDE WAKO

Wengi wetu tukipigwa tunasema "ndiyo mjini", tunanyamaza. Lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na anayeisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Tume hiyohiyo ndiyo inayofuatilia bidhaa feki chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Kama wasiwasi wako ni ubora na usalama wa chombo chenyewe, kuna Shirika la Viwango, TBS.

Lakini huko kote utaulizwa ushahidi. Ndiyo maana ule ujumbe wa WhatsApp sijaufuta.

Nilimtumia muuzaji picha ya tangazo lake mwenyewe, pamoja na video ya sumaku imenata kwenye fremu. Siku mbili alikuwa kimya. Siku ya tatu nikamwandikia kwamba napeleka vyote FCC. Jioni akanirudishia Sh80,000. Nikanunua rimu za aluminiamu za mtumba, raba mpya na waya mpya wa breki, fundi akafunga.

KABLA HUJATOA HELA

Kwa shabiki mwenzangu anayetaka baiskeli, iwe dukani Kariakoo au kwenye simu, fanya hivi.

Piga picha tangazo lote na uhifadhi, maana tangazo linafutika. Nenda na sumaku, gusa fremu na rimu. Usisome stika, tafuta namba iliyogongwa kwenye kipuri: RD ni kidude cha nyuma cha gia, FC ni mikono ya pedali, BR ni breki. Kama ni breki za diski, uliza ni za waya au za mafuta, maana bei na nguvu yake havifanani. Inua gurudumu, lizungushe, uone kama linayumba. Bana breki zote mbili kwa nguvu huku unasukuma baiskeli mbele, na uangalie kama waya unateleza kwenye nati.

Halafu dai risiti ya EFD, na mwambie muuzaji akuandikie aina ya fremu, breki na gia. Muuzaji mkweli ataandika. Anayekataa kuandika alichokitangaza amekwishakujibu.

Na hata ikiwa mpya ndani ya boksi, ipeleke kwa fundi wako akaze kila nati kabla hujaipanda. Baiskeli nyingi zinafika zimefungwa nusu, na aliyemalizia kufunga huenda alikuwa na haraka ya mteja mwingine.

Dogo ameanza tena mazoezi, anakimbia, ingawa krosi za mguu wa kushoto bado anazipiga kwa kuogopa. Majaribio ya timu ile hayajatangazwa tena. Baiskeli nimemwambia aitumie muda wowote anaotaka. Anashukuru, lakini mpaka sasa anakwenda mazoezini kwa miguu.