Maharamia au Wakulima? Utayarishaji wa Makala kwa Majarida ya Taaluma ya Kiyunani na Kilatini

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa historia ya pwani ya Afrika Mashariki hakawii kukutana na kitabu kidogo cha Kiyunani kijulikanacho kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Kitabu hicho kiliandikwa katikati ya karne ya 1 B.K. na mtu ambaye jina lake halijulikani, lakini ambaye bila shaka aliijua vyema biashara ya baharini ya zama zake. Sura ya 15 hadi ya 18 zinahusu Azania, yaani pwani iliyoenea kusini ya Pembe ya Afrika. Humo hutajwa kisiwa cha Menouthias, na pia Rhapta, mji wa soko uliokuwa wa mwisho katika pwani hiyo. Sura hizo fupi ni miongoni mwa maelezo ya awali kabisa yaliyohifadhika kuhusu watu wa pwani hii, na kwa sababu hiyo hunukuliwa sana.

Hata hivyo, aghalabu kitabu hicho hunukuliwa kutoka katika tafsiri, na maneno yake huchukuliwa kana kwamba hayana utata. Mjadala juu ya maneno yenyewe hufanyika mahali pengine, yaani katika majarida ya taaluma ya maandishi ya kale ya Kiyunani na Kilatini, taaluma ambayo vyuoni huitwa klasiki. Makala haya yanaeleza jinsi kazi ya utafiti inavyotayarishwa na kupelekwa kwenye jarida la namna hiyo, kwa kutumia sura ya 16 ya Periplus kama mfano. Hoja kuu ni kwamba kanuni za majarida hayo, ambazo mgeni huweza kuzidhania kuwa ni adabu za uchapaji tu, zina shabaha moja: kumwezesha msomaji kulirudia neno la kale na kupima kama hoja iliyojengwa juu yake inasimama.

2. Swali linaanzia katika matini

Katika tafsiri ya Wilfred Schoff ya mwaka 1912, wenyeji wa pwani ya Rhapta wanaelezwa kuwa watu warefu wa kimo wenye tabia ya uharamia. Tafsiri ya G. W. B. Huntingford ya mwaka 1980 nayo inawaita maharamia. Lakini katika tafsiri ya Lionel Casson ya mwaka 1989, watu haohao ni wenye miili mikubwa na ni wakulima wa ardhi. Msomaji anayelinganisha tafsiri hizo bila ya kuitazama matini ya Kiyunani atashindwa kuelewa ni vipi neno moja liweze kuwa na maana mbili zilizoachana hivyo.

Sababu yake haiko katika Kiingereza cha wafasiri. Kitabu chote kimehifadhika katika hati moja ya msingi, iliyonakiliwa kwa mkono katika karne ya 10 na kuwekwa Heidelberg, Ujerumani. Hati ya pili, iliyoko London, imetokana na hiyo ya kwanza, na kwa hiyo haina ushahidi wa kujitegemea. Neno linalosomeka mahali hapo katika hati halileti maana ya kuridhisha, na yamkini mnakili alikosea herufi chache. Ndipo wahariri wa nyakati mbalimbali walipopendekeza masahihisho. Sahihisho moja linaleta maharamia, na jingine linaleta wakulima. Yote mawili ni makisio ya kitaalamu, wala hakuna hata moja lililoandikwa waziwazi katika hati.

Umuhimu wa jambo hili ni dhahiri. Mtafiti anayeanza na maharamia ataueleza uhusiano wa wenyeji na wafanyabiashara wa kigeni kwa lugha ya vurugu. Anayeanza na wakulima ataona jamii iliyokaa na kulima, yenye wakuu wake katika kila mahali. Mmoja na mwingine huenda asijue kwamba historia yake imeegemea kisio la mhariri. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya utayarishaji ni kuacha kuitegemea tafsiri peke yake na kutumia toleo la kihakiki, yaani toleo linaloonyesha, chini ya ukurasa au katika tanbihi, neno lililomo katika hati na masahihisho yaliyopendekezwa na wataalamu. Kwa Periplus, matoleo ya lazima ni la Hjalmar Frisk, lililotolewa Göteborg mwaka 1927, na la Casson, ambalo lina matini ya Kiyunani, tafsiri na ufafanuzi. Makala yasiyotaja toleo lililotumiwa yana upungufu ambao hauwezi kufidiwa na ufasaha wa lugha.

3. Urejeleaji wa matini za kale

Mara baada ya toleo kuchaguliwa, swali linalofuata ni namna ya kulirejelea. Katika taaluma nyingine mwandishi hutaja mwaka na ukurasa. Katika klasiki, ukurasa wa tafsiri hausaidii kitu, kwa kuwa msomaji wa Paris na wa Pretoria huenda wanatumia vitabu tofauti. Kwa sababu hiyo kazi za kale zina migawanyo yake ya kudumu. Homer hurejelewa kwa kitabu na mstari. Plato hurejelewa kwa kurasa na herufi za toleo la Stephanus la mwaka 1578, na Aristotle kwa kurasa, safu na mistari ya toleo la Bekker lililoanza kutoka Berlin mwaka 1831. Ptolemy, ambaye katika Jiografia yake anaitaja Rhapta kuwa ni mji mkuu, hurejelewa kwa kitabu na sura. Periplus hurejelewa kwa nambari ya sura.

Vifupisho vya majina ya waandishi na vitabu navyo havibuniwi na mwandishi. Majarida mengi huelekeza kwamba vifuatwe vile vya kamusi ya klasiki ya Oxford, na majina ya majarida yafupishwe kama yalivyo katika bibliografia ya L'Année philologique. Maandishi ya kwenye mawe na mafunjo yana kanuni za ziada zinazojulikana kwa jina la Leiden, zilizokubaliwa mwaka 1931. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mabano ya mraba yanaonyesha herufi zilizopotea na kurudishwa na mhariri, na nukta chini ya herufi inaonyesha kwamba usomaji wake hauna uhakika. Mwandishi anayeyaondoa mabano hayo ili ukurasa upendeze huwa amegeuza kisio likawa ushahidi, na hilo ni kosa lilelile la maharamia na wakulima.

Nukuu za Kiyunani huchapwa kwa herufi za mfumo wa Yunikodi, zikiwa na alama zake zote za mkazo na za pumzi, na aghalabu hufuatiwa na tafsiri. Inafaa tafsiri hiyo iwe ya mwandishi mwenyewe, kwani ndiyo inayodhihirisha jinsi alivyoielewa sentensi. Akiazima tafsiri ya mwingine, sharti amtaje.

4. Waliotangulia

Matini za kale zimesomwa kwa karne nyingi. Periplus yenyewe ilichapwa kwa mara ya kwanza Basel mwaka 1533. Hivyo ni nadra mtafiti kukuta neno ambalo halijawahi kujadiliwa, na wahakiki wa jarida hutaka kuona kwamba mjadala huo unajulikana. Nyenzo kuu ya kuutafuta ni L'Année philologique, bibliografia iliyoasisiwa na Jules Marouzeau katika miaka ya 1920, ambayo leo hupatikana pia katika intaneti. Baada yake hufuata vitabu vya ufafanuzi, ambavyo huichambua matini sentensi kwa sentensi.

Sehemu kubwa ya maandishi hayo iko katika Kijerumani, Kifaransa na Kiitalia. Mwandishi halazimiki kuzimudu lugha zote hizo sawasawa, lakini hawezi kuipuuza makala ya Kijerumani inayohusu sentensi anayoijadili yeye. Baada ya kuyasoma hayo, awe na uwezo wa kusema kwa sentensi mbili au tatu ni nini kilichokwisha kusemwa na ni nini anachokiongeza. Sentensi hizo zikishindikana, makala hayajawa tayari.

5. Ushahidi wa pwani na mipaka yake

Hapa ndipo mtaalamu wa Kiswahili anapokuwa na mchango ambao si rahisi kupatikana kwingine. Sura ya 15 inasema kwamba huko Menouthias palikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba wenyeji walivua kwa mitego ya kusukwa, wakiifunga kwenye mikondo baina ya miamba. Sura ya 16 inalitoa jina la Rhapta katika vyombo hivyo vya kushonwa, kwani kitenzi cha Kiyunani rhaptein maana yake ni kushona. Msomaji aliyewaona wavuvi wakitega dema na uzio, na anayejua habari za mtepe wa visiwa vya Lamu ulioshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ataielewa picha hiyo upesi kuliko mhariri aliyeishi maktabani.

Lakini kuelewa upesi si kuthibitisha. Dema la leo halithibitishi mtego wa miaka elfu mbili iliyopita, na kufanana kwa vyombo hakutoshi kuonyesha kwamba waliovitumia walikuwa watu wa asili moja au wa lugha moja. Jarida la klasiki litaupokea ushahidi huo ikiwa utawekwa mahali pake: kwanza maana ya neno la Kiyunani kama linavyotumika kwingineko, kisha ushahidi wa akiolojia, na hatimaye ulinganisho na ufundi wa pwani kama jambo linalofanya tafsiri fulani iwezekane zaidi. Utaratibu huo ukipinduliwa, makala hata yakiwa na ukweli ndani yake yataonekana kuwa yameanza na jibu.

6. Kulichagua jarida na kuupeleka mswada

Majarida hutofautiana kwa mawanda. Journal of Hellenic Studies, lililoanza mwaka 1880, hushughulikia ulimwengu wa Kiyunani, na Journal of Roman Studies, lililoanza mwaka 1911, ule wa Kirumi. Classical Quarterly, la tangu mwaka 1907, huchapisha kazi za lugha, fasihi, historia na falsafa. Barani Afrika lipo Acta Classica, lililoanzishwa mwaka 1958 na chama cha klasiki cha Afrika Kusini. Njia ya hakika ya kulijua jarida ni kuyasoma matoleo yake ya karibuni, pamoja na maelekezo yake kwa waandishi. Mswada hupelekwa kwenye jarida moja tu kwa wakati mmoja.

Uhakiki hufanywa kwa kuficha majina, na mara nyingi wahakiki huwa wawili. Kwa hiyo jina la mwandishi huondolewa katika ukurasa wa kwanza, katika tanbihi na hata katika taarifa zilizojificha ndani ya faili la kompyuta. Kazi zake za nyuma huzitaja kama angezitaja za mtu mwingine, na shukrani huongezwa baada ya mswada kukubaliwa. Ikisiri iseme hoja na matokeo, isiishie kutangaza kwamba jambo fulani litajadiliwa.

Jibu la mhariri kwa kawaida ni kukataa au kutaka marekebisho. Kukubaliwa bila ya mabadiliko ni nadra. Mwandishi anayerekebisha huambatisha maelezo yanayolijibu kila suala, akionyesha alipokubali na, pale asipokubali, sababu itokayo katika matini. Mhakiki naye aweza kukosea, na njia ya kumsahihisha ni kumrudisha kwenye neno. Mwishoni huja kurasa za majaribio, ambapo kila nukuu na kila nambari hulinganishwa tena na toleo lililotumiwa.

7. Hitimisho

Kanuni zilizoelezwa hapa ni nyingi, lakini chimbuko lake ni moja. Toleo hutajwa, mabano huhifadhiwa na nambari za sura hufuatwa ili kisio lisipite likijifanya ushahidi. Wenyeji wa Rhapta wameitwa maharamia, na wameitwa wakulima, na katika mara zote mbili uamuzi ulifanywa na wahariri waliokuwa mbali na pwani yao. Hakuna linalomzuia msomi wa Afrika Mashariki kuushiriki uamuzi huo. Linalotakiwa ni ajifunze Kiyunani cha kutosha, alifungue toleo la kihakiki, na aiandike hoja yake kwa namna ambayo hata asiyekubaliana naye ataweza kuipima.