Kambi ya familia isiwe chanzo cha ugomvi

SHULE zinapofungwa mwezi wa Agosti, baadhi ya familia za Nairobi hupenda kwenda Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi, kulala hemani. Watoto hupata nafasi ya kukimbia na kupumua hewa safi. Hata hivyo, si ajabu kuona wazazi wakirudi Jumapili jioni wamechoka na kununiana. Mara nyingi ugomvi huzuka katika shughuli mbili: kusimamisha hema na kulikunja.

Tiba yake ni maandalizi. Siku chache kabla ya safari, lisimamishe hema hilo uani au kwenye uwanja wa mtaa unapoishi. Hesabu vigingi na ukague kama kamba zimekatika. Unapopakia gari, hema liwekwe mwisho ili litoke kwanza.

Panga kufika kabla ya saa kumi alasiri. Humu nchini jua hutua mwendo wa saa kumi na mbili na nusu karibu mwaka mzima, na giza huingia ghafla. Kabla ya kugusa kamba yoyote, wape watoto chai na mkate. Kisha kila mmoja apewe kazi yake: mkubwa apige vigingi, mdogo ashike mfuko wa kuvitilia.

Chagua mahali tambarare palipoinuka kidogo, pasipo na matawi makavu juu. Usikae kamwe katika mkondo wa mto uliokauka. Mwaka wa 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu katika korongo la mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mvua yaweza kunyesha mbali, nawe ukafikiwa na maji. Karibu na ziwa, piga kambi ndani ya ua, kwani viboko hutoka majini usiku kula nyasi.

Jiko libaki nje

Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Agosti ni wa baridi. Hapo ndipo mzazi hushawishika kuingiza jiko la makaa hemani. Usithubutu! Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumwua mtu akiwa usingizini. Hata makaa yanayoelekea kuzimika bado ni hatari.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Ukiziona, mtoe mgonjwa nje mara moja na umkimbize hospitalini. Kwa baridi, wavishe watoto soksi na kofia, na utandike blanketi chini pia, kwa sababu ardhi hunyonya joto la mwili.

Siku ya kuondoka

Msingoje dakika ya mwisho. Baada ya staftahi, anikeni matandiko juani na kuacha umande ukauke. Toeni vitu vyote hemani, mfagie, kisha mligeuze ili sakafu yake ikauke. Vigingi vihesabiwe tena kabla ya kufungwa.

Moto uzimwe kwa maji, majivu yakorogwe, kisha yamwagiwe maji tena hadi yapoe. Takataka zote zirudi nanyi. Kumbukeni pia kwamba tangu Juni 2020 ni marufuku kuingia na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga za taifa, kwa hivyo bebeni maji ya kunywa katika mtungi.

Iwapo mvua itawalazimu kukunja hema likiwa bichi, litandazeni mara mfikapo nyumbani. Hema lililofungwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huweza kumletea shida mtoto mwenye pumu safari ijayo. Kinga ni bora kuliko tiba.