Karatasi kwenye kioo cha gari: namna faini za maegesho zinavyopingwa Uingereza

Karatasi inayobandikwa kwenye kioo cha gari nchini Uingereza hutoka ama kwa halmashauri ya mji ama kwa kampuni binafsi, na ile ya mwendo kasi inayoletwa na posta hutoka polisi. Mbili za kwanza zinafanana kama mapacha. Ya halmashauri huitwa Penalty Charge Notice na ya kampuni huitwa Parking Charge Notice, kwa hiyo zote hufupishwa PCN, na ni vigumu kuamini kwamba kampuni ziliokota jina hilo kwa bahati tu. Hata hivyo kila moja ina sheria yake, mlango wake wa rufaa na balaa lake kwa anayeipuuza. Kabla ya hasira, basi, isomwe nani ameiandika. Taratibu zifuatazo ni za England na Wales. Scotland na Northern Ireland zina zao.

Ubishi kuhusu karatasi hizi una umri sawa na karatasi zenyewe. Mita za maegesho zilianza London mwaka 1958, katika mtaa wa Mayfair, na wasimamizi wa maegesho wakaingia barabarani Septemba 1960. Tiketi yao ya kwanza ilimwangukia daktari aliyekuwa amekimbilia hotelini kumtibu mgonjwa wa moyo. Watu walipiga kelele, na daktari akasamehewa paundi zake mbili. Wakati ule kuegesha vibaya kulikuwa kosa la jinai. Sheria ya mwaka 1991 iliiondoa kazi ya kutoza faini hizo mikononi mwa polisi wa London na kuzipa halmashauri, na sheria nyingine ya mwaka 2004 ikaweka utaratibu unaotumika sasa.

Mabadiliko hayo yana matokeo mawili ambayo madereva wengi hawayajui. La kwanza, PCN ya halmashauri ni deni, si jinai. Haimtii mtu doa la uhalifu wala haigusi leseni yake. La pili, anayedaiwa ni mwenye gari, si aliyekuwa akiendesha. Mtu aliyemwazima shemeji yake gari la kwendea harusini ndiye atakayeandikiwa barua, na kueleza kwamba siku hiyo alikuwa amelala nyumbani hakutamsaidia kitu.

Kiasi hutegemea mji na uzito wa kosa. Nje ya London kosa zito limekuwa likitozwa paundi 70. Ndani ya London, baada ya viwango kupandishwa Aprili 2025, linaweza kufika 160. Anayelipa ndani ya siku 14 hulipa nusu. Punguzo hilo ndilo linalowanyamazisha wengi, kwa sababu mtu hupiga hesabu kwamba heri kupoteza nusu kuliko kuhatarisha yote. Lakini akishalipa, kesi imefungwa. Hakuna kulipa kwanza na kulalamika baadaye. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba anayepeleka pingamizi lake ndani ya siku hizo 14 na kukataliwa, kwa kawaida hupewa tena nafasi ya kulipa nusu. Mwongozo wa serikali kwa halmashauri unataka hivyo. Kupinga mapema, kwa hiyo, aghalabu hakumgharimu mtu ila barua.

Pingamizi hilo la awali si rasmi. Likikataliwa na mwenye gari asilipe, siku 28 zikishapita tangu tiketi itolewe halmashauri humtumia Notice to Owner, yaani notisi kwa mwenye gari. Hapo ndipo shauri linapoanza kisheria. Ana siku 28 za kuwasilisha pingamizi rasmi, na halmashauri ina siku 56 za kujibu. Zikipita bila jibu, faini inafutika. Kwa faini za kamera zinazoletwa na posta hatua ya awali huwa haipo, na barua ya kwanza ndiyo inayobeba haki ya kupinga rasmi.

Sheria imeorodhesha sababu zinazokubalika. Iliyo kubwa ni kwamba kosa halikutendeka: kibao hakikuonekana, mistari ya manjano ilikuwa imefutika, kibali kilikuwapo, au gari lilikuwa likipakia na kupakua mizigo, jambo ambalo mara nyingi linaruhusiwa hata kwenye mistari ya manjano endapo ukingo wa barabara hauna alama za kulikataza. Nyingine ni kwamba gari lilikuwa limeshauzwa, limeibwa, kiasi kinachodaiwa kinazidi kilichowekwa, au halmashauri yenyewe imekiuka utaratibu. Hii ya mwisho huwashangaza wageni, lakini wadai ndio wanaofungwa zaidi na sheria hizi: tarehe ikikosewa kwenye barua yao, au barua isipoeleza haki ya rufaa inavyotakiwa, faini inaweza kuanguka ingawa gari kweli liliegeshwa vibaya. Tangu 2015 pia, kwa upande wa England, aliyeegesha kihalali mahali palipopangiwa muda ana dakika 10 za ziada muda wake ukiisha. Dakika hizo haziko kwenye mistari miwili ya manjano, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Kinachoshinda ni ushahidi. Picha ya kibao kilichozibwa na matawi, iliyopigwa siku ileile, ina nguvu kuliko kurasa tatu za manung'uniko kuhusu gharama za maisha. Risiti ya mita, hati ya mauzo ya gari, barua ya hospitali, maelezo ya shahidi aliyekuwapo: vyote hivi viambatanishwe, na nakala zibaki. Picha za msimamizi nazo ziombwe, maana mara nyingine zinaonyesha kinyume cha alichoandika.

Halmashauri ikikataa pingamizi rasmi, mwenye gari ana siku 28 za kukata rufaa kwa mwamuzi huru: London Tribunals kwa waliotozwa London, na Traffic Penalty Tribunal kwa miji mingine ya England na kwa Wales. Waamuzi ni wanasheria na hawaajiriwi na halmashauri inayodai. Rufaa haina ada, na gharama za upande wa pili hubebeshwa mtu kwa nadra, pale tu alipofanya upuuzi wa wazi. Shauri husikilizwa kwa maandishi, kwa simu au kwa video, kwa hiyo Kiingereza cha kubabaika si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Mipaka ya mwamuzi ijulikane lakini: hawezi kufuta faini kwa huruma peke yake. Akiguswa na msiba au ugonjwa wa mrufani, anachoweza ni kuirudishia halmashauri shauri na kupendekeza iifute.

Anayenyamaza huongezewa nusu ya deni. Kisha deni husajiliwa katika kituo cha mahakama kilichoko Northampton, na mwisho wake ni madalali wa mahakama kugonga mlango, na ada zao juu yake. Wanaoumia zaidi hapa ni waliohama nyumba bila kubadili anwani kwenye usajili wa gari: barua zote hurundikana kwa mpangaji mpya. Wana njia ya kurudi nyuma, kwa kuwasilisha tamko kwamba notisi haikuwafikia, lakini tamko la uongo ni kosa linaloweza kumfikisha mtu pabaya.

Karatasi ya kampuni binafsi, ile ya supamaketi au ya uwanja wa maegesho wa jengo, ni habari nyingine kabisa. Haina uwezo wa kutoza faini. Inadai kwamba dereva aliingia mkataba kwa kuegesha mbele ya kibao chake, kisha akauvunja. Zamani kampuni hizi zilifunga magurudumu ya magari kwa kufuli. Sheria ya mwaka 2012 ililipiga marufuku hilo kwenye ardhi binafsi, na badala yake ikaziruhusu kumdai mwenye gari pale dereva asipotajwa, ilimradi zimefuata masharti. Sharti moja ni kwamba notisi iliyotokana na kamera pekee imfikie ndani ya siku 14. Ikichelewa, kampuni imebaki kumsaka dereva, ndiyo maana anayejibu barua ya namna hiyo hatakiwi kukimbilia kuandika nani alikuwa kwenye usukani.

Ushauri wa vijiweni kwamba karatasi hizi zitupwe umepitwa na wakati. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni ya ParkingEye ilikuwa na haki ya kudai paundi 85 kwa gari lililopitiliza kwa karibu saa nzima mwisho wa saa mbili za bure mjini Chelmsford. Mpinzani huanza kwa kampuni yenyewe, kisha huenda kwenye huduma ya rufaa, POPLA au IAS, kutegemea chama ambacho kampuni ni mwanachama. Akishindwa POPLA bado anaweza kujitetea mahakamani. Kampuni ikishindwa, imefungwa na uamuzi. Jambo la kutopuuzwa kamwe ni karatasi za madai kutoka mahakama ya kaunti, kwa kuwa hukumu isiyolipwa ndani ya mwezi hukaa miaka sita kwenye rekodi za mikopo.

Polisi ndio wenye jinai. Kwa mwendo kasi, mwenye gari aliyesajiliwa hutumiwa notisi ndani ya siku 14, isipokuwa dereva alisimamishwa na kuelezwa palepale, na ana siku 28 za kumtaja dereva. Kukataa kumtaja ni kosa zito kuliko mwendo wenyewe: alama sita kwenye leseni, dhidi ya alama tatu na paundi 100 za kosa la kawaida. Hakuna pingamizi la barua hapa. Asiyekubali huomba kusikilizwa na mahakimu, na akishindwa hulipa faini kubwa zaidi pamoja na gharama. Kwa mgeni alama hizo zina uzito zaidi. Leseni za Kenya na Tanzania haziwezi kubadilishwa moja kwa moja, kwa hiyo anayehamia kutoka nchi hizo lazima afaulu mtihani wa Uingereza ili aendelee kuendesha baada ya miezi 12. Akifaulu huhesabiwa dereva mpya kwa miaka miwili, hata kama ameendesha malori kutoka Mombasa miaka ishirini, na alama sita ndani ya muda huo humfutia leseni na kumrudisha kwenye mtihani.